Maswali ya Wasomaji: Sumaku Isiyovuta Msumari Hujulikanaje?

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulidokeza, kwa aya chache tu, kwamba wanafizikia wanachunguza fuwele zenye matabaka ambazo ndani yake atomu zimejipanga kisumaku kwa namna isiyo ya kawaida, na kwamba mpangilio huo husomwa kupitia mwenendo wa elektroni. Barua zilizofuata kutoka Malindi, Mambrui, Lamu na Watamu zimezidi nafasi tuliyo nayo. Nimechagua tano, na sikuzigawia nafasi sawa, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa. Baadhi ya halijoto nimezitaja kwa kelvini. Msomaji akumbuke kwamba sifuri ya kelvini iko takriban nyuzi 273 za Selsiasi chini ya sifuri tuliyoizoea.

*Mwalimu, salaam. Mimi ni fundi wa simu. Kila siku nashika simu ambazo skrini huzima mteja akifunika kava, kwa kuwa kava lina kisumaku na ndani ya simu kuna sensa ya Hall inayokihisi. Kwangu mimi sumaku ni kitu kinachonasa bisibisi. Nyinyi mmeandika kuwa kuna sumaku isiyonasa chochote na bado wataalamu wanaiita sumaku. Wanajuaje? Kitu kisichovuta wala kusukuma kina tofauti gani na kipande cha shaba?*
— Fundi wa simu, Malindi mjini

Ndugu fundi, sensa uliyoitaja imekuweka karibu na jibu kuliko unavyodhani, maana kanuni inayoiendesha ndiyo iliyotumika kulijibu swali lako.

Tuanzie ndani ya kitu chenyewe. Elektroni, mbali na kubeba chaji ya umeme, ina sifa iitwayo spini, ambayo huipa usumaku mdogo wenye mwelekeo. Katika shaba, spini zinazopingana zimegawana nafasi sawasawa, hivyo hakuna atomu inayobaki na usumaku wake wa kudumu. Katika chuma, atomu zina usumaku, na maadamu halijoto iko chini ya nyuzi 770 za Selsiasi, atomu jirani huelekea upande mmoja na kutiana nguvu, ndiyo maana chuma kinaweza kufanywa sumaku. Kundi la tatu ndilo linalokutatiza. Hapo atomu zina usumaku na zimejipanga kwa nidhamu kamili, lakini kila moja inapingwa na jirani yake, kwa hiyo jumla yake ni sifuri. Kundi hili huitwa antiferomagneti. Mfaransa Louis Néel ndiye aliyelifafanua katika miaka ya 1930, na mwaka 1970 akatunukiwa Nobeli ya Fizikia. Kromiamu inayong'arisha mabomba ya maji ni ya jamii hiyo hadi kwenye nyuzi 38 hivi za Selsiasi, na sidhani kama kuna fundi bomba aliyewahi kuishuku.

Kwa hiyo tofauti na shaba iko katika mpangilio, na si katika nguvu ya kuvuta. Uthibitisho wa moja kwa moja ulipatikana mwaka 1949 huko Oak Ridge, Marekani, pale Clifford Shull na mwenzake walipoelekeza nyutroni kwenye oksidi ya manganizi. Nyutroni haina chaji, lakini ina usumaku wake, kwa hiyo hutawanywa na spini za atomu. Oksidi ile ilipopozwa, nyutroni zilianza kutoka pia kwa pembe ambazo hapo awali hazikuwa na kitu, na pembe hizo zililingana na mpangilio unaojirudia kwa masafa mara mbili ya yale ya atomu zenyewe: moja juu, inayofuata chini, kisha juu tena. Shull alipata sehemu ya Nobeli ya mwaka 1994 kwa kazi hiyo ya nyutroni. Njia hii ingali ya kuaminika sana, ila ina masharti yake: inataka tanuri la nyuklia au kiharakishi kikubwa cha chembe, na inataka fuwele yenye ukubwa wa kutosha. Fuwele nyingi za matabaka zinazosumbua vichwa leo ni vipande vyembamba mno kwa nyutroni. Ndipo watu walipozigeukia elektroni zilizomo ndani ya kitu chenyewe, wakaziuliza zimeona nini.

Hapa ndipo sensa yako inapoingia. Mwaka 1879 Edwin Hall, akiwa bado mwanafunzi mjini Baltimore, alibandika jani jembamba la dhahabu juu ya kioo, akapitisha mkondo wa umeme kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha akaliweka jani hilo kati ya ncha za sumaku yenye nguvu. Volteji ndogo ikatokea kwa upana, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu sumaku huzisukuma kando elektroni zinazopita. Katika simu, kipande kidogo cha semikondakta kinafanya vivyo hivyo kava linapokaribia. Muda mfupi baadaye Hall aliona kwamba katika chuma volteji hiyo ya ubavuni ni kubwa kupita kiasi, na kwa muda wa karne nzima na zaidi ilizoeleka kudhani kwamba ziada hiyo hufuata jumla ya usumaku wa kitu. Jumla ikiwa sifuri, ziada nayo ingekuwa sifuri.

Dhana hiyo haikusimama. Mwaka 2015 kundi la Satoru Nakatsuji huko Tokyo lilichapisha vipimo vya fuwele ya manganizi na bati, yenye atomu tatu za manganizi kwa kila moja ya bati. Jumla ya usumaku wake ni ndogo mno, karibu na kutokuwepo, lakini katika halijoto ya kawaida ya chumbani ilitoa volteji ya ubavuni kubwa, ya aina ambayo watu walikuwa wakiitarajia kutoka kwa sumaku za kawaida. Ndani ya kila tabaka, atomu za manganizi zimekaa kwenye pembe za pembetatu zinazogusana na kuacha tundu la pembe sita katikati, umbo lilelile la msuko wa dema la kuvulia samaki. Wajapani huliita kagome. Spini tatu za kila pembetatu haziwezi zote kupingana zikaridhika, kwa hiyo zinagawana mzunguko, kila moja ikiachana na mwenzake kwa nyuzi 120. Jumla ya tatu hizo ni sifuri, lakini mpangilio wake si sawa ukiutazama katika kioo au ukiurudisha nyuma katika wakati, na elektroni inayopita inaihisi tofauti hiyo.

Mfano unaonivutia zaidi, kwa sababu unajibu swali lako ndani ya kitu kimoja, ni wa tantalamu na salfa. Fuwele hii imejengwa kwa matabaka, na katikati ya matabaka zimepenyezwa atomu za kobalti, moja kwa kila tatu za tantalamu, zikiwa zimekaa kwa pembetatu. Ukiipoza, kwenye kelvini 38 spini za kobalti hujipanga kwa mistari, mstari ukipinga mstari, na volteji ya ubavuni haionekani. Endelea kuipoza. Kwenye kelvini 26.5 mpangilio hubadilika, na kila kundi la spini nne huelekea nje kama pembe nne za piramidi yenye nyuso nne za pembetatu, hivyo kwamba haziwezi tena kulala katika bapa moja. Hapo volteji ya ubavuni huibuka, bila kuweka sumaku yoyote ya nje. Mipangilio yote miwili, kasoro masalio madogo sana, ina jumla ya sifuri, na msumari haungetofautisha mmoja na mwingine. Elektroni zimetofautisha.

Kwa nini iwe hivyo? Elektroni ndani ya fuwele ni wimbi. Ikizunguka atomu tatu ambazo spini zake hazilali katika bapa moja, wimbi lake hurudi likiwa na awamu, yaani hatua ya kupanda na kushuka kwake, iliyobadilika, kwa kiasi kilekile ambacho lingebadilika kama lingepita kwenye uga wa sumaku halisi. Uga huo wa kujifanya, ukiuhesabu, ni mkubwa kupita ule wa sumaku tunazozijua, kwa sababu eneo la pembetatu hizo ni dogo mno. Elektroni husukumwa kando na kitu ambacho sensa yako, ikiwekwa nje ya fuwele, isingekihisi kabisa. Vipimo vya nyutroni vilivyothibitisha mpangilio huo wa pembe nne vilichapishwa mwaka 2023.

*Mwalimu, shikamoo. Nikipitisha sumaku ya spika iliyoharibika kwenye mchanga wa pwani yetu, punje nyeusi hung'ang'ania. Je, huo mchanga ni miongoni mwa hizo fuwele za matabaka mlizozitaja?*
— Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mambrui

Marahaba, mwanangu. Si zile zinazotafutwa na maabara, lakini swali lako lina zaidi ya ulichokusudia. Mto Sabaki huleta mchanga kutoka bara, na mawimbi hupepeta punje nyepesi na kuziacha nzito, ambazo nyingi ni nyeusi. Zile zinazorukia sumaku hata ikiwa dhaifu ni magnetaiti, oksidi ya chuma. Ndani yake atomu za chuma zimegawanyika makundi mawili yanayopingana, lakini kundi moja lina nguvu kuliko jingine, kwa hiyo kinachobaki baada ya kutoana ndicho kinachorukia sumaku yako. Magnetaiti hudumu katika hali hiyo hadi nyuzi 580 hivi za Selsiasi.

Punje nyingine nyeusi, zinazohitaji sumaku kali ndipo zisogee, ni ilmenaiti, madini ya chuma na titani ambayo ndiyo yaliyowavuta watafutaji wa madini katika pwani hii. Hizi zinahusika na mada yetu. Katika ilmenaiti tabaka la atomu za chuma hufuatwa na tabaka la titani, kisha la chuma tena. Ukiipoza hadi chini ya kelvini 55 hivi, spini zote za tabaka moja la chuma huelekea upande mmoja, na za tabaka la chuma linalofuata huelekea upande wa pili. Jumla sifuri, tabaka kwa tabaka. Pwani ya Mambrui haipoi kiasi hicho, kwa hiyo punje zako zimebaki na atomu zenye usumaku lakini zisizo na mpangilio.

Nimekueleza haya kwa sababu mpangilio kama huo wa tabaka kupinga tabaka ulionekana pia watu walipobandua fuwele hadi kubaki na matabaka machache, au hata moja. Mwaka 1966 wananadharia Mermin na Wagner walikuwa wameonyesha kwamba katika tabaka moja tupu, spini zilizo huru kugeukia upande wowote haziwezi kushika mpangilio wa masafa marefu katika halijoto yoyote iliyo juu ya sifuri kamili. Kinachookoa ni fuwele yenyewe kupendelea mwelekeo mmoja. Mwaka 2017 iodidi ya kromiamu, iliyobanduliwa kwa utepe wa gundi kama grafini, tabaka moja la atomu za kaboni, ilivyobanduliwa mwaka 2004, ilibaki na usumaku ikiwa tabaka moja tu, hadi kelvini 45. Matabaka mawili yakafutana. Matatu yakawa na usumaku tena, kwa kuwa mmoja amekosa wa kumpinga.

Kwanza walilisoma jambo hilo kwa mwanga, wakitazama jinsi mtetemo wa mwanga unavyogeuka kidogo ukiakisiwa. Mwaka uliofuata wakaliuliza kwa umeme. Walibana matabaka machache ya iodidi hiyo kati ya vipande vya grafini na kuacha elektroni zipenye. Iodidi ni kihami, kwa hiyo kupenya ni kwa nadra, na elektroni iliyovuka tabaka moja hukuta tabaka la pili likiwa na spini kinyume na yake, ikazuiliwa. Wakiweka uga wa sumaku wa kutosha kuyageuza matabaka yote upande mmoja, mkondo huongezeka ghafla. Katika matabaka manne ukinzani ulitofautiana kwa asilimia 19,000. Kwa vipimo vya kisumaku hiyo ni tofauti isiyohitaji kutafutwa kwa darubini.

*Mwalimu, dira ya simu yangu hukosea nikiiweka karibu na spika ya mashua. Hizo sumaku zisizoguswa na sumaku nyingine si ndizo zingefaa kutengenezea dira?*
— Nahodha, Lamu

Bwana nahodha, kinyume chake. Dira ni lazima iguswe na uga wa dunia, ambao ni dhaifu, na kitu kinachopuuza sumaku ya spika kitaupuuza na uga wa dunia. Kinachofaa kwa dira hakifai kwa kumbukumbu, na cha kumbukumbu hakifai kwa dira. Antiferomagneti ingekuwa nzuri kwa kuhifadhi maandishi na picha, maana spika yako isingeyafuta, na spini zake huweza kugeuka kwa kasi ya karibu mara elfu ya zile za chuma. Néel mwenyewe, alipopokea Nobeli, alisema kwamba vitu hivi vinavutia kinadharia lakini havionyeshi kuwa na matumizi. Haikufika miaka 30 kabla hazijaingia kwenye vichwa vya kusomea diski za kompyuta, ambako tabaka jembamba la antiferomagneti huzuia tabaka jirani lisigeuke ovyo. Kwa sasa ondoa simu kwenye spika, kisha izungushe hewani kwa umbo la nane ili ijirekebishe, na dira ya sindano ibaki mahali pake chomboni.

*Mwalimu, mimi ni mzaliwa wa Lamu na ninasomea fizikia chuo kikuu. Volteji ya ubavuni nimeielewa, lakini ni namba moja tu kwa fuwele nzima. Nimesoma kwamba wapo wanaochora ramani ya elektroni zenyewe, na kwamba ramani hiyo ndiyo iliyofichua aina mpya ya usumaku. Ramani hiyo inachorwaje, na hapa kwetu inawezekana?*
— Mwanafunzi wa shahada ya kwanza

Umeshika jambo la msingi. Volteji ya Hall ni jumla ya michango ya mamilioni ya elektroni, na sababu mbili tofauti zinaweza kutoa namba ileile. Ramani unayoisema hupatikana kwa kuzitoa elektroni nje na kuzipima moja moja. Msingi wake ni tukio aliloliona Heinrich Hertz mwaka 1887 na Einstein akalieleza mwaka 1905, kazi iliyompa Nobeli ya mwaka 1921: mwanga wenye nishati ya kutosha hung'oa elektroni kutoka kwenye kitu. Ukijua nishati ya mwanga ulioingiza, ukapima nishati ya elektroni iliyotoka na pembe iliyotokea nayo, unaweza kurudi nyuma kwa hesabu na kujua ilikuwa na nishati gani na momenta gani (kipimo cha mwendo wake chenye mwelekeo) sambamba na uso wa fuwele kabla haijang'olewa. Rudia kwa pembe zote, na mistari ya nishati dhidi ya momenta inajichora. Ukiongeza kipima spini, kila mstari unaonyesha pia spini yake.

Kazi yenyewe ina udhia ambao vitabu huuruka. Elektroni inayotoka bila kugongana na nyingine imetokea kwenye matabaka machache tu ya juu, kwa hiyo uchafu mdogo hufunika kila kitu. Mtafiti hubandika kijiti kwa gundi juu ya fuwele yenye upana wa milimita moja au mbili, huingiza vyote katika chemba iliyonyonywa hewa hadi ikabaki chini ya sehemu moja ya trilioni ya hewa ya kawaida, kisha hukigonga kijiti kikang'oka na kipande cha juu cha fuwele. Uso uliobaki chini haujawahi kuguswa na hewa. Fuwele za matabaka huachana vizuri kwa njia hiyo, na nathubutu kusema kwamba umaarufu wake katika fani hii umetokana na urahisi huo sawa na ulivyotokana na fizikia yake. Hata uso uwe safi kiasi gani, baada ya saa chache au siku moja hivi gesi zilizobaki huuchafua, na kazi huanza upya kwa sampuli nyingine.

Sasa aina mpya uliyoisoma. Katika chuma, elektroni za spini ya juu na za spini ya chini zina mistari tofauti, mmoja ukiwa umepanda na mwingine umeshuka. Katika antiferomagneti ya kawaida mistari hiyo miwili hulala juu ya mwenzake, kwa sababu kila atomu yenye spini ya juu ina pacha wake wa spini ya chini mahali pengine katika fuwele, na elektroni haioni tofauti. Mwaka 2022 Libor Šmejkal, Jairo Sinova na Tomáš Jungwirth walipanga kwa utaratibu hali ya tatu. Atomu ya spini ya juu na ya spini ya chini ni pacha, lakini mazingira ya atomu nyingine yanayozizunguka yamegeuzwa, kwa hiyo huwezi kuipeleka moja mahali pa mwenzake kwa kuisogeza tu. Ni lazima pia uizungushe. Matokeo yake, mistari ya spini mbili huachana ukielekea upande fulani wa fuwele, hukutana ukielekea upande mwingine, kisha huachana tena kwa kubadilishana nafasi. Jumla inabaki sifuri. Hali hiyo waliiita altamagneti.

Mapema mwaka 2024 ramani za teluridi ya manganizi, zilizopimwa nchini Uswisi kwa sinkrotroni, mtambo unaozungusha elektroni kwa kasi ili zitoe mwanga mkali, zilionyesha mistari ikiachana kama ilivyotabiriwa. Fuwele hiyo ina matabaka ya manganizi yanayopingana moja kwa moja, na atomu za telurimu kati yake ndizo zilizogeuzwa. Mpangilio wake hudumu hadi kelvini 310 hivi, yaani karibu nyuzi 37 za Selsiasi, maana yake kipande kilichowekwa juu ya meza ya maabara yenu kingekuwa altamagneti sasa hivi bila jokofu lolote. Kigezo kilichonishawishi mimi ni cha halijoto: ukiipasha fuwele na kukaribia halijoto hiyo, mistari iliyoachana husogeleana. Mwachano wa mistari unaotokana na mambo mengine, kwa mfano uzito wa atomu za telurimu unaofunganisha spini na mwendo wa elektroni, usingejali kama spini zimejipanga au la.

Ama kuhusu hapa kwetu, mwanga unaotakiwa unaweza kutoka kwa leza au taa ya heliamu, lakini ramani nyingi nzuri huchorwa kwa sinkrotroni, na Afrika ndiyo bara pekee lenye wakazi wa kudumu lisilo na sinkrotroni hata moja. Iliyo jirani zaidi ni SESAME, iliyoko Allan nchini Jordan na iliyofunguliwa mwaka 2017. Upande wa umeme ni rahisi zaidi. Kupima volteji ya Hall kunataka sumaku ya umeme, chanzo cha mkondo kilicho tulivu, kipima volteji kinachosoma hadi sehemu ya mikrovolti, na mkono usiotetemeka wa kuunga nyaya nne au sita kwenye kipande cha fuwele. Fuwele ya manganizi na bati haihitaji kupozwa. Kama ningekuwa na shahada ya kuandikia ripoti, ningeanzia hapo.

*Mwalimu, wanafunzi wangu wananiletea habari mbili zinazogombana: moja inasema oksidi ya ruthenimu ni altamagneti, nyingine inasema haina usumaku kabisa. Niwafundishe ipi?*
— Mwalimu wa sekondari, Watamu

Mwalimu mwenzangu, wafundishe zote mbili kwa mpangilio wa tarehe, maana mgogoro huo una faida kuliko mifano iliyokubalika. Oksidi ya ruthenimu haina matabaka kama fuwele zingine tulizozitaja, lakini ndiyo iliyokuwa mfano wa kwanza katika makala nyingi za nadharia. Mwaka 2017 vipimo vya nyutroni vilidai kuona ndani yake spini zinazopingana, dhaifu lakini zenye kudumu hata katika halijoto ya chumbani. Vipimo vya umeme vikafuata, na mwaka 2022 volteji ya ubavuni iliyopimwa katika utando wake mwembamba ikasomwa kuwa alama ya altamagneti. Mwaka 2024 makundi mengine yakaingiza myuoni, chembe ambayo ikitulia ndani ya fuwele huzunguka kwa kufuata uga wowote mdogo uliopo mahali hapo. Hazikuonyesha dalili ya spini zilizojipanga katika fuwele safi, na nyutroni zilizopimwa upya kwa uangalifu zaidi zikakubaliana nazo. Utando mwembamba uliooteshwa juu ya kitu kingine huvutwa au kubanwa, na atomu zake hukosa au kuzidi hapa na pale, kwa hiyo hauwi lazima sawa na fuwele nene. Hapo mabishano yangalipo.

Kosa ninaloliona kwa wanaoandika habari hizi ni kuichukua alama moja ya umeme kana kwamba ni cheti. Katika grafu za Hall, kwa mfano, kuna kibyongo kidogo ambacho kwa miaka kadhaa kilihesabiwa kuwa dalili ya spini zilizojizungusha kama vimbunga vidogo, viitwavyo skayamioni. Kisha ikaonyeshwa kwamba sampuli yenye sehemu mbili zisizofanana, moja ikitoa volteji chanya na nyingine hasi, kila moja ikigeuka kwenye uga wake, hutoa kibyongo kilekile bila kimbunga hata kimoja ndani yake.

Darasani ningewauliza wanafunzi maswali ambayo mkaguzi wa makala huuliza. Alama hiyo hutoweka kwenye halijoto ileile ambayo mpangilio unatoweka? Hubadilika ishara mpangilio ukigeuzwa? Kipimo cha aina nyingine kabisa, nyutroni au myuoni, kimeona mpangilio huohuo katika sampuli ileile, si katika nyingine iliyooteshwa mahali pengine? Fuwele ya kobalti, tantalamu na salfa inajibu maswali hayo vizuri, kwa kuwa volteji yake huanza pale pale kwenye kelvini 26.5 ambapo nyutroni zinaona spini zikibadilika. Teluridi ya manganizi inajibu sehemu kubwa. Oksidi ya ruthenimu, kwa fuwele nene, imefeli swali la tatu, na kwa utando mwembamba bado inafanya mtihani.